Wapinzani wa Idi Amin Uhamishoni, 1971–1979: Aina, Vyombo na Matokeo

Maana na mipaka

Wapinzani wa Idi Amin walio uhamishoni ni raia wa Uganda walioishi nje ya nchi yao kati ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 25 Januari 1971 na kuanguka kwa Kampala mwezi Aprili 1979, wakafanya kazi ya kuuondoa utawala uliowafanya wakimbie. Uzito wa ufafanuzi huu uko katika sehemu ya mwisho. Maelfu ya watu walivuka mipaka ya Uganda katika miaka hiyo wakitafuta usalama, shule au riziki, na wala hawakujiunga na chama, jeshi wala kamati yoyote. Kuikimbia serikali ni jambo moja, kuipinga kutoka ugenini ni jambo lingine.

Kundi hili hupakana na makundi matatu ambayo huchanganywa nalo mara kwa mara. La kwanza ni la wakimbizi kwa maana ya kisheria. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ulimpa mkimbizi haki ya hifadhi, lakini kifungu chake cha 3 kilizitaka nchi wenyeji zimzuie kuishambulia nchi mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Kwa hiyo Mganda aliyepokea hifadhi kisha akashika bunduki alikuwa anatoka katika hadhi moja na kuingia katika nyingine, hata kama alilala katika kambi ile ile.

Kundi la pili ni la waliofukuzwa. Mwezi Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Wengi wao walikwenda Uingereza, Kanada na India wakaanza maisha mapya. Wachache, kama Mahmood Mamdani na Yash Tandon, waliingia katika mijadala na harakati za Waganda wenzao, na hao huhesabiwa kuwa wapinzani kwa matendo yao.

Kundi la tatu ni la wapigania uhuru dhidi ya wakoloni na walowezi. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963, na vyama kama FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia vilikuwa na ofisi za wazi na vilipata misaada kupitia kamati hiyo. Waganda hawakustahili hata shilingi moja ya mfuko huo. Utawala walioupinga ulikuwa wa Mwafrika, mwanachama wa OAU, na Hati ya OAU ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine na ililaani hujuma zinazofanywa na majirani. Walikuwa wazalendo katika mji uliojaa wazalendo, lakini wao pekee walitakiwa wafiche silaha zao.

Mawimbi ya kuondoka

Kuondoka kwa wapinzani kulitokea kwa mawimbi manne, na kila wimbi lilibeba watu wa aina yake.

Wimbi la kwanza ni la mwaka 1971. Rais Milton Obote alipinduliwa akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Alirudi Afrika Mashariki kupitia Nairobi na kupokewa Dar es Salaam na Mwalimu Julius Nyerere, aliyekataa kumtambua Amin. Nyuma yake walifuata viongozi wa chama chake, Uganda People's Congress (UPC), na askari wa Kiacholi na Kilangi waliookoka mauaji ya kambini. Vijana wa mrengo wa kushoto nao waliondoka, akiwamo Yoweri Museveni, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970.

Wimbi la pili, la 1972 na 1973, lilitokana na hofu iliyowafikia watu wenye vyeo. Mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu asionekane tena. Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alitoweka mwaka huo huo. Mwaka 1973 Edward Rugumayo, Waziri wa Elimu, na Wanume Kibedi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na shemeji wa Amin, walikuwa wameshaachana na serikali wakiwa nje ya nchi.

Wimbi la tatu, la 1974 hadi 1976, lilikuwa la mmoja mmoja. Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro aliyeondolewa Wizara ya Mambo ya Nje mwishoni mwa 1974, alitorokea Kenya mwaka uliofuata. Wahadhiri na wanafunzi wa Makerere waliendelea kupungua, hasa baada ya askari kuvamia chuo hicho mwezi Agosti 1976.

Wimbi la nne lilianza tarehe 16 Februari 1977, siku alipouawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda. Waziri wa Afya, Henry Kyemba, aliachana na serikali mwaka huo akiwa Ulaya, akaandika kitabu State of Blood kilichoeleza mauaji kwa ushahidi wa mtu wa ndani. Mwandishi wa tamthilia Robert Serumaga naye aliondoka, baada ya kuuawa kwa mwenzake wa jukwaani, Byron Kawadwa.

Aina kwa kazi

Kwa kigezo cha kazi, wapinzani hao hugawanyika katika makundi matano. Wanasiasa wa zamani walikuja na majina, mitandao ya chama na madai ya uhalali. Wanajeshi walikuja na ujuzi wa silaha, na waliojulikana zaidi ni Tito Okello na David Oyite-Ojok. Wasomi walikuja na nadharia na kalamu: Dani Wadada Nabudere, Yash Tandon na Omwony Ojwok walifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rugumayo alifundisha Zambia, na Tarsis Kabwegyere alifundisha Nairobi. Watumishi wa serikali na wa mashirika ya kimataifa walikuja na mawasiliano. Mfano ni Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere na kufanya kazi katika Sekretarieti ya Jumuiya ya Madola, London. Mwisho ni viongozi wa dini na wasanii, ambao hawakuwa na majeshi wala vyama lakini walisikilizwa na watu ambao wanasiasa hawakuwafikia.

Aina kwa itikadi

Kwa kigezo cha itikadi kulikuwa na mielekeo minne. Mwelekeo wa kurejesha ulitaka Obote na UPC warudi madarakani, kwa hoja kwamba mapinduzi hayakuwa yameufuta uhalali wao. Mwelekeo wa kiliberali na wa kihafidhina, uliokuwa na nguvu miongoni mwa Baganda na wafuasi wa Democratic Party, ulitaka Amin aondoke bila Obote kurudi. Kwao, Obote ndiye aliyeushambulia ufalme wa Buganda mwaka 1966 kwa mkono wa Amin huyo huyo. Mwelekeo wa Kimarx, wa akina Nabudere na Tandon, ulimwona Amin kama tokeo la ubeberu na kutaka umoja mpana wa kidemokrasia kabla ya jambo lolote. Mwelekeo wa nne ulikuwa wa Museveni na kundi lake la FRONASA, ulioshikilia kwamba mabadiliko ya kweli huja kwa vita vya msituni vinavyojengwa ndani ya wananchi, kwa mfano wa FRELIMO.

Mielekeo hii haikuwa tofauti za maneno tu. Kila mmoja ulikuwa na jibu lake kwa maswali matatu: nani alaumiwe kwa kuingia kwa Amin, kwa njia gani aondolewe, na nani ashike nchi baada yake. Katika swali la pili walikaribiana mwishowe. Katika la kwanza na la tatu hawakukubaliana kamwe.

Nchi wenyeji

Tanzania ilikuwa mwenyeji mkuu. Ilitoa makazi, kambi, mafunzo na ulinzi wa kisiasa. Mwaka 1975 mkutano wa wakuu wa OAU ulipofanyika Kampala chini ya uenyekiti wa Amin, Nyerere alikataa kuhudhuria. Hata hivyo ukarimu huo ulikuwa na mipaka: Dar es Salaam ndiyo iliyoamua lini wapiganaji wavuke mpaka na lini wakae kimya.

Sudan ilikuwa mwenyeji wa muda mfupi. Wapiganaji wa Obote walifanya mazoezi Owiny-ki-Bul, kusini mwa nchi hiyo. Mkataba wa Addis Ababa wa Februari 1972, uliomaliza vita vya kwanza vya Kusini mwa Sudan, uliondoa sababu ya Khartoum kuwahifadhi. Walisafirishwa kwa bahari hadi Tanzania wakawekwa Handeni.

Kenya ilikuwa mwenyeji mwenye tahadhari. Bidhaa za Uganda zilipita Mombasa na biashara ilikuwa kubwa, kwa hiyo serikali ya Nairobi haikutaka ugomvi wa wazi. Walimu, madaktari na wahadhiri wa Kiganda walipata kazi kwa wingi, lakini siasa zao zilifanywa sebuleni, chini ya hofu ya maajenti wa idara ya ujasusi ya Amin. Msimamo huo ulianza kulegea mwaka 1976, Amin alipodai kuwa maeneo ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda.

Zambia ilihifadhi wasomi na watumishi wa umma. Uingereza na Marekani zilikuwa uwanja wa uenezi: magazeti, makanisa, mabunge na mashirika ya haki za binadamu yalifikiwa kutoka huko. Umbali wa kambi na mpaka ulizifanya ofisi za London ziwe na sauti kubwa na askari wachache, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na askari na sauti iliyobanwa na Hati ya OAU.

Vikundi vikuu

Jeshi la Obote, lililokuja kuitwa Kikosi Maalum, lilikuwa kubwa kuliko yote na lilitegemea zaidi askari wa zamani wa kaskazini mwa Uganda. FRONASA ilikuwa ndogo na ya vijana. Museveni alikuwa mwalimu katika Chuo cha Ushirika, Moshi, huku akiandikisha watu, na katikati ya miaka ya 1970 vijana wake walipata mafunzo Msumbiji. Save Uganda Movement (SUM), iliyokuwa na mizizi Nairobi, iliwaunganisha watu waliokata tamaa na Obote na wasiomwamini Museveni, na ilijihusisha na hujuma ndani ya Uganda. Pembeni mwa hivi vitatu palikuwa na kamati nyingi za Lusaka, Nairobi, London na New York, nyingine za watu wasiojaa meza moja.

Njia za mapambano

Njia ya kwanza ilikuwa uvamizi wa wazi, na mfano wake mkuu ni wa tarehe 17 Septemba 1972. Wapiganaji zaidi ya elfu moja walivuka mpaka kwa safu mbili, moja kupitia Mutukula kuelekea Masaka, nyingine kuelekea kambi ya Simba, Mbarara. Mpango ulitegemea pia kikosi cha kushuka ghafla Entebbe kwa ndege. Ndege ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa Dar es Salaam ili iwabebe makomando hao kutoka Kilimanjaro. Ilipotua Kilimanjaro matairi yalipasuka, na safari ya Entebbe ikaishia hapo. Safu za nchi kavu zilisonga bila msaada huo, wananchi hawakuinuka kama ilivyotarajiwa, na jeshi la Amin likazirudisha nyuma kwa siku chache. Ndege za Uganda zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi Oktoba, kwa usuluhishi wa Somalia, Tanzania na Uganda zilikubaliana Mogadishu kuondoa majeshi yao kilomita 10 kutoka mpakani na kuacha kuwasaidia wapinzani wa upande wa pili.

Njia ya pili ilikuwa mitandao ya siri ndani ya nchi. FRONASA ilijaribu kuijenga mara baada ya uvamizi kushindwa, na gharama yake ilikuwa kubwa. Tarehe 10 Februari 1973 watu waliotuhumiwa kuwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, ikiwamo Kabale na Mbale, mbele ya umati ulioitwa kutazama. Huko Kabale, Askofu Kivengere aliruhusiwa kuzungumza na vijana watatu kabla ya kuuawa. Tangu hapo kila aliyeombwa kumlaza mgeni wa usiku alijua bei yake.

Njia ya tatu ilikuwa uenezi. Obote aliwaandikia wakuu wa nchi za Afrika kuhusu mauaji, waliokuwa mawaziri walitoa ushahidi katika vitabu na magazeti, na Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilichapisha ripoti zilizotegemea maelezo ya walioondoka. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipiga marufuku biashara na Uganda, pigo kwa nchi iliyoishi kwa kahawa. Makadirio ya waliouawa chini ya Amin, ambayo huanzia 100,000 na kufikia 500,000, yaliingia katika kumbukumbu ya dunia kwa sehemu kubwa kupitia midomo ya watu hawa.

Njia ya nne ilikuwa kungoja kwa mpango. Baada ya Mogadishu wapiganaji wa Obote walihamishiwa Kigwa, mkoani Tabora, mbali na mpaka. Huko waliishi kama wakulima: walilima tumbaku, walichoma mkaa, walioa, walizeesha magwanda yao. Hatua hii huonekana kama utupu katika historia ya harakati, ilhali ndiyo iliyoamua nani angekuwa na jeshi mwaka 1978. Vikundi vilivyokuwa na mahali pa kula na kulala viliendelea kuwapo. Vilivyokuwa na katiba na anwani tu vilitawanyika.

Vita vya Kagera na Mkutano wa Moshi

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania na kulitangaza eneo la kaskazini mwa mto Kagera kuwa la Uganda. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliyatoa, kisha likaendelea hadi ndani ya Uganda. Wapinzani waliitwa kutoka mashambani na vyuoni. Kikosi Maalum kilifuatana na safu ya Masaka, mji uliotekwa Februari 1979, na FRONASA ilifuatana na safu ya Mbarara, ambako iliandikisha maelfu ya vijana wapya. Mapema Machi wapiganaji waliotokea upande wa Kenya walishambulia Tororo. Uzito wa vita, hata hivyo, ulibebwa na JWTZ.

Kusonga huko mbele kulileta tatizo la kisheria na kisiasa: Tanzania haikutaka ionekane imemteulia jirani serikali, na vikundi vya Waganda havikuwa na mwakilishi mmoja. Mkutano uliitishwa Moshi, ukafanyika mwishoni mwa Machi 1979 kwa siku tatu. Wajumbe wa vikundi zaidi ya 20 walifika, na muda mwingi ulitumika kuamua kikundi kipi ni kikundi kweli na nani ana haki ya kuketi. Obote, kwa ushauri wa Nyerere, hakuhudhuria, ingawa watu wa UPC walikuwapo.

Mkutano uliunda Umoja wa Kitaifa wa Ukombozi wa Uganda, UNLF. Ulikuwa na Kamati ya Utendaji chini ya Yusuf Lule, na Baraza la Ushauri la Taifa, NCC, chini ya Edward Rugumayo, lililokusudiwa kuwa bunge la muda. Ulikuwa pia na tume tatu: ya siasa na diplomasia, ya fedha na utawala, na ya kijeshi. Tume ya Kijeshi ilikuwa chini ya Paulo Muwanga wa UPC, na Museveni akiwa makamu wake. Majeshi yote yaliunganishwa kwa jina la UNLA. Mgawanyo huu ulimpa kila mwelekeo kiti: waliberali walipata uenyekiti, Wamarx walipata baraza na tume ya siasa, na UPC pamoja na FRONASA walibaki na bunduki.

Matokeo

Kampala ilitekwa tarehe 10 na 11 Aprili 1979, na Oyite-Ojok akautangazia umma redioni kwamba Amin ameondolewa. Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili. Amin alikwenda Libya na baadaye Saudi Arabia, alikofariki mwaka 2003.

Mgogoro wa kwanza ulikuwa wa tafsiri ya yaliyoamuliwa Moshi. Lule aliteua na kubadilisha mawaziri kwa mamlaka ya rais yaliyokuwa katika Katiba ya 1967. NCC ilisema uteuzi lazima uthibitishwe nayo. Tarehe 20 Juni, baada ya siku 68, baraza lilimwondoa na kumweka Godfrey Binaisa. Mwezi Mei 1980 Binaisa alijaribu kumwondoa Oyite-Ojok katika wadhifa wa mnadhimu mkuu wa jeshi, na Tume ya Kijeshi ikamwondoa yeye. Kila kiti kilichogawiwa Moshi kilijaribu nguvu zake, na kilichobaki mwisho ni kile chenye jeshi. Obote alirejea mwezi huo huo, na UPC ikatangazwa mshindi wa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani wake walidai uliibwa. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni alishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba na kuanza vita vya msituni vilivyomwingiza Kampala Januari 1986.

Wengi wa watu hawa walirudi uhamishoni mara ya pili. Lule alifia London mwaka 1985 akiwa mwenyekiti wa NRM, harakati ya Museveni. Obote, baada ya kupinduliwa tena mwaka 1985, aliishi Lusaka na kufariki Johannesburg mwaka 2005.

Tathmini

Nguvu ya upinzani wa uhamishoni hupimwa kwa mambo matatu: mwenyeji anayeuhifadhi, mizizi ndani ya nchi, na makubaliano kuhusu mamlaka ya baadaye. Wapinzani wa Amin walikuwa na la kwanza kwa ukamilifu ambao harakati chache za Afrika zimeupata. La pili lilikatwa mapema, mbele ya vikosi vya kuua vya mwaka 1973, na nafasi yake ikajazwa na jeshi la nchi jirani. La tatu liliahirishwa kwa miaka minane, kisha likatafutwa kwa siku tatu huku mizinga ikikaribia Kampala.

Haki ya kazi yao haipungui kwa sababu hiyo. Walisema mapema, na kwa gharama ya maisha yao, yale ambayo OAU iliyanyamazia kwa kisingizio cha kutoingilia mambo ya ndani. Lakini kinachoitwa kushindwa kwa UNLF hakikuanzia Kampala mwaka 1979. Maswali ya nani alaumiwe na nani atawale yalikuwa yamekaa mezani tangu 1971, katika Dar es Salaam, Nairobi, Lusaka na London. Kila mwaka ambao hayakujibiwa uliwaachia jibu wenye silaha.